Mwalimu Aliyekubali Kupewa Maksi, na Siku Alizokataa

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa wa mwisho kabla ya Uhuru. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu, na wakati ule Mbulu ilikuwa wilaya pana, Hanang ya leo ikiwa ndani yake. Wapiga kura wa huko walimwacha mgombea rasmi wa chama, wakampa kura Herman Elias Sarwatt aliyesimama kama mgombea binafsi. Na Sarwatt mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU. Kwa hiyo watu wa Mbulu hawakuukataa Uhuru, wala hawakukikataa chama. Walikataa kuchaguliwa mtu wa kumchagua.

Tunapomwandika Mwalimu Julius Nyerere, habari hii huwa tunairuka. Tunakimbilia Azimio la Arusha, tunataja Butiama, tunamaliza. Lakini kwa mtu anayesomea kufundisha, Mbulu inaleta swali zito: mwalimu anafanya nini darasa linapompa maksi asizozitaka? Mwalimu alikutana na swali hilo maisha yake yote. Kuna siku alilijibu vizuri sana. Kuna siku alifukuza darasa zima.

Wanachuo wenzangu, swali hilo ni letu pia. Kila mwisho wa semista tunajaza fomu za kuwatathmini wahadhiri. Na sisi wa elimu, tukienda mazoezi ya kufundisha, tutakuwa upande wa pili wa fomu. Wengine tutapangiwa Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu, tupewe kidato cha pili na somo la Uraia. Basi tuyasome maisha ya Mwalimu kwa jicho hilo.

Kutoka Butiama hadi chaki

Kambarage alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama, karibu na Musoma. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe. Shule alianza akiwa na miaka 12, mwaka 1934, pale Mwisenge, Musoma. Nyumbani walizungumza Kizanaki. Kiswahili na Kiingereza alivikuta njiani, kama ambavyo mtoto wa Kiiraqw wa Mbulu au wa Kibarabaig wa Hanang anavyovikuta leo. Mwaka 1937 alienda Tabora, kwenye shule ya serikali iliyokusanya vijana wenye akili kutoka kila pembe ya Tanganyika. Mwaka 1943 alibatizwa jina la Julius, akaingia Makerere kusomea ualimu.

Makerere hakukaa kimya. Aliandika insha juu ya kukandamizwa kwa wanawake, akayachukua mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill na kuyapima kwa maisha ya Wazanaki wenzake. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa chifu mwenye wake wengi, anaandika hivyo! Alikuwa ameshaanza kujifunza kulitazama jambo kutoka kwa yule aliyekaa chini.

Alipohitimu aliitwa na shule mbili za Tabora. Ile ya serikali ilikuwa na mshahara mnono zaidi. Akachagua St Mary's, shule ya misheni, akafundisha Baiolojia na masomo mengine. Baada ya vipindi aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo, na akazungumza nao siasa.

Kuna mambo mawili ya Tabora ambayo nataka tuyashike, maana yatarudi baadaye.

La kwanza ni mjadala. Mwalimu alialikwa kujadiliana na walimu wawili wa shule ya serikali. Mada ilidai kwamba tangu Afrika igawanywe, Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu. Yeye alipinga, akashinda. Zawadi yake ikawa kupigwa marufuku kurudi pale. Yaani shule iliandaa mjadala, lakini haikuwa imejiandaa kushindwa. Hebu tujiulize ni madarasa mangapi ya Uraia yanaendeshwa hivyo hata sasa: mwanafunzi anaruhusiwa kuchangia, mradi aishie pale mwalimu anapotaka.

La pili ni kazi ya ukaguzi wa bei, aliyoifanya kwa muda mfupi sambamba na ualimu. Alipita madukani, akaandika nani anapandisha bei, akapeleka ripoti serikalini. Ripoti zikapokelewa, zikawekwa. Hakuna duka lililoguswa. Mwalimu akaiacha kazi hiyo. Nadhani kila aliyewahi kujaza fomu ya tathmini ya mhadhiri anaijua hasira yake. Unaandika kwamba fulani anasoma madesa ya miaka kumi iliyopita neno kwa neno, mwaka unaofuata wadogo zako wanakuta madesa yaleyale. Baada ya mara mbili tatu unaanza kutiki nne nne mpaka chini ili umalize haraka ukapange foleni ya chakula.

Mwaka 1949 alienda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada ya M.A. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel Magige, mwaka huohuo akaanza kufundisha Pugu, na Aprili akachaguliwa kuongoza TAA. Julai 7, 1954, TAA ikageuka TANU. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilibidi achague: chaki au chama. Akaiacha chaki, na mshahara wake. Jina la Mwalimu halikumwacha.

Jembe na Nyumba

Turudi kwenye ule uchaguzi wa 1960. Ushindi wa viti 70 unasikika mkubwa, lakini katika majimbo 58 mgombea wa TANU hakuwa na mpinzani. Huko watu hawakupiga kura kabisa. Ni sawa na fomu ya tathmini iliyokuja imeshajazwa maksi zote, wewe kazi yako ni kuirudisha. Mbulu ilikuwa sehemu mojawapo chache ambapo karatasi ilikuwa na nafasi ya kuweka alama.

Mwalimu aliliona tatizo. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akarudi kukijenga chama vijijini. Mwaka 1963 aliandika kijitabu kuhusu demokrasia na vyama, na hoja yake ilikuwa hii: pale ambapo chama kimoja hakina mpinzani wa kweli, mwananchi hapati chaguo mpaka chama chenyewe kimpe. Mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja ukawekwa kisheria, na uchaguzi wa Septemba ukafanyika kwa utaratibu mpya. Kila jimbo wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura yake mwenyewe. Walipanda jukwaa moja, wakazungumza Kiswahili, wakakatazwa kutumia kabila, dini au rangi ya mtu. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba Nyerere yuko upande wake.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mmoja wa watu wakubwa wa vuguvugu la ushirika, alishindwa kwao Mwanza. Mwalimu hakufuta matokeo. Alikuwa ametengeneza mtihani ambao hata mawaziri wake wangeweza kufeli, na walipofeli akakubali.

Lakini tuitazame fomu yenyewe vizuri. Majina mawili yalipitishwa na chama kwanza. Mwananchi aliweza kusema jembe au nyumba, hakuweza kusema hataki lolote kati ya hayo. Kwa Rais palikuwa na ndiyo na hapana, na jina moja. Swali la chama chenyewe halikuwemo kwenye karatasi. Anayeandika maswali ndiye anayeamua ni jambo gani linaweza kusemwa. Hilo ni kweli kwa uchaguzi, na ni kweli kwa karatasi utakayowapa wanafunzi wa Katesh kupima ufundishaji wako.

Oktoba 22, 1966

Hapa ndipo darasa lilipofika mlangoni kwake. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa chuo lazima waende Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda wafanye kazi huku sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa wakati ule, wamevaa majoho, wakaandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu aliwapokea, akawasikiliza. Kisha akakasirika kweli kweli. Siku ileile alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa chuo, wakarudishwa makwao.

Kwa miaka mingi tumeisimulia siku hii kwa namna mbili. Wazee wanasema vijana walikuwa na kiburi cha wasomi. Wanaharakati wanasema Rais alinyamazisha sauti. Mimi naona wote wana sehemu yao ya ukweli. Wale wanafunzi walikuwa wachache mno waliosomeshwa kwa jasho la wakulima, na malalamiko yao yalihusu zaidi mifuko yao. Mwalimu hakuwa amekosea kuliona hilo. Hata kukata mshahara wake kulionyesha kwamba sehemu ya hoja yao ilimwingia. Ila adhabu ilifundisha somo jingine, ambalo halikuandikwa ubaoni: ukimwambia mkubwa asichotaka kusikia, unaweza kupoteza shule. Wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata, lakini somo lilikuwa limeshaeleweka. Mwaka 1978 wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya wabunge na mawaziri, jambo lenye maslahi ya taifa kuliko lile la 1966, walifukuzwa tena kwa mamia.

Tuwe makini tunapoyasoma haya. Tathmini ya wanafunzi hupimwa siku ile majibu yanapouma. Mhadhiri anayepokea fomu nzuri akacheka, na ikija mbaya akamtafuta aliyeandika kwa mwandiko, huyo hajaomba tathmini. Ameomba pongezi.

Elimu iliyotaka mtoto aulize

Miezi michache baada ya maandamano, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha, na Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Sisi wa ualimu tumeisoma mara nyingi hadi imegeuka swali la UE. Wengi tunakumbuka shamba la shule. Ndani yake kuna zaidi ya shamba.

Mwalimu alieleza kwamba ni watoto kama 13 tu katika 100 waliomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, na bado shule nzima iliendeshwa kwa ajili ya hao 13 na mtihani wao. Alitaka elimu imjengee mtoto akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kukubali kwa hoja, na kujiamini kama mtu sawa na wenzake. Na kuhusu mashamba na kazi za shule, alisema wanafunzi wenyewe washiriki kuamua. Wapange, watekeleze, waone matokeo ya uamuzi wao. Hilo lilikuwa somo la uraia kabla halijaandikwa kwenye ratiba.

Nini kilitokea? Mafanikio yalikuwa makubwa, tusiyabeze. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia miaka ya 1980 waliojua walikuwa wengi mno kuliko wasiojua. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilitangazwa, madarasa yakafurika, vijana waliomaliza la saba wakafundishwa haraka kuwa walimu. Lakini katika shule nyingi shamba lilibaki na jembe bila uamuzi. Mwanafunzi alilima, mwalimu akapanga, na kulima kukawa mpaka adhabu ya waliochelewa namba. Fimbo haikwenda popote.

Mkaguzi akija alihesabu madaftari, ekari na maazimio ya kazi. Mtoto hakuulizwa kama darasani kwake kuna mtu anayemsikiliza. Hakuna takwimu ya ekari inayoweza kulijibu swali hilo. Anayelijua jibu ni yule aliyekaa kwenye dawati.

Hanang haikuulizwa

Sasa tupande tena hadi chini ya Mlima Hanang, kwenye nyanda za Basotu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taifa lilitaka ngano. Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilianzisha mashamba makubwa saba, jumla yake zaidi ya ekari 70,000. Kwa aliyekaa Dar es Salaam ardhi ile ilionekana tupu. Kwa Mbarabaig ilikuwa malisho, maji, na makaburi ya wazee wake. Kama wafugaji wengi, Wabarabaig wana vikao vyao vya hadhara ambamo jambo linazungumzwa mpaka lieleweke. Mwalimu mwenyewe aliwahi kuandika kwa kusifu wazee wa Kiafrika wanaokaa chini ya mti na kuzungumza hadi wakubaliane. Hapa mti ulikuwepo, wazee walikuwepo, trekta likapita.

Mwaka 1968 Mwalimu aliandika kwamba watu hawawezi kuendelezwa kwa nguvu, lazima wajiendeleze wenyewe. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na Hanang ikapata operesheni yake ya kuwakusanya wafugaji. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kuipinga NAFCO. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka huohuo Mwalimu alistaafu urais, kwa hiari yake, jambo ambalo marais wachache wa Afrika wa wakati ule walilifanya.

Nasema haya bila kusahau kwamba tunamheshimu. Ni Mwalimu huyohuyo aliyewapa wapiga kura wasiojua kusoma jembe na nyumba. Tofauti ni kwamba kwenye uchaguzi alikuwa ameweka utaratibu wa kusikia. Kwenye ngano utaratibu huo haukuwepo, na nia njema peke yake haikuziba pengo.

Wale 20 katika 100

Mwishoni mwa maisha yake kuna jambo moja ambalo kila anayefundisha takwimu za elimu angepaswa kulitaja. Mwaka 1990 Mwalimu, aliyejenga mfumo wa chama kimoja, alianza kusema hadharani kwamba mjadala wa vyama vingi si dhambi. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza watu. Karibu 80 katika 100 walisema wabaki na chama kimoja. Kwa hesabu ya haraka, kesi imekwisha. Tume hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu akaunga mkono, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Wastani ungewafuta wale 20. Hapa walisikika. Mhadhiri akipata wastani wa nne kwenye tano anaweza kulala usingizi, kumbe wasichana waliokaa nyuma wote wamempa moja. Darasani Haydom wastani unaweza kuwa mzuri kwa sababu watoto wa mjini wanaojua Kiingereza wanafurahia, huku waliotoka bomani hawaelewi kitu. Anayefundisha uraia anatakiwa awatafute hao kwanza.

Mwalimu alifariki London, Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.

Mwaka huohuo wa 1999 ulifanyika utafiti mkubwa wa kimataifa kuhusu elimu ya uraia. Waliulizwa vijana karibu 90,000 wa miaka 14 katika nchi 28. Pamoja na mtihani wa maarifa, wanafunzi waliulizwa hali ya darasa lao: kama wanahimizwa kuwa na maoni yao, kama mwalimu anaheshimu maoni hayo, kama wanaweza kutofautiana naye waziwazi. Ikaonekana kwamba palipo na darasa la wazi namna hiyo, vijana hujua zaidi mambo ya uraia na huwa tayari zaidi kupiga kura wakikua. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwemo. Lakini wazo lenyewe lingeeleweka na yule kijana wa mjadala wa Tabora.

Tukifika huko

Kuwauliza wanafunzi si jambo geni duniani. Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani kilikuwa na fomu kama hizi tangu mwaka 1927. Wala fomu si mzani wa dhahabu. Zipo tafiti za Marekani na Ufaransa zilizoonyesha kwamba wahadhiri wanawake hupewa maksi pungufu kwa kazi ileile. Na mwalimu anayegawa maksi kama njugu mara nyingi hupendwa. Kwa hiyo usimuulize mtoto kama anakupenda. Muulize alichokiona. Mwezi huu amesimama kutoa maoni yake mara ngapi? Aliyekosea alichekwa au alisaidiwa? Kuna siku alitofautiana na mwalimu, na baada ya hapo ilikuwaje? Je, kuna jambo la kijiji chao, kama maji, au malisho na mashamba, lililojadiliwa darasani?

Muulize kwa lugha anayoielewa. Uraia wa sekondari kwa miaka mingi umefundishwa kwa Kiingereza, lakini karatasi ya maoni haina sababu ya kuwa mtihani wa Kiingereza. Kiswahili kinatosha, na kama kuna neno linakwama, mwenzake anayejua Kiiraqw au Kidatooga amweleze. Asiandike jina. Atie alama tu, asiandike sentensi, maana katika shule ndogo mwandiko unajulikana. Wewe toka nje, wachague wenyewe wa kukusanya na kuhesabu.

Pia usiishie kwenye maoni. Pima na maarifa. Mwanafunzi wa kijijini Hanang anapaswa kujua kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, na kwamba unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukiona darasa limekupa maksi nzuri na hakuna anayelijua hilo, umewafurahisha, hujawafundisha. Na ukiona wote wanalijua lakini hakuna anayethubutu kukuuliza swali, basi siku ya mkutano watakaa kimya vilevile, na trekta litapita tena.

Kipindi kinachofuata ingia na matokeo. Yasome mbele yao, hata yale mabaya, hasa yale mabaya. Waambie ni jambo gani moja utalibadilisha wiki hiyo, na lipi huwezi kulibadilisha na kwa nini. Halafu usimtafute aliyeandika. Mwanafunzi ataangalia kitu hicho kimoja tu kabla ya kuamua kama mara ya pili atakuambia ukweli.